Njia za baiskeli za Kibaha na Kisarawe
Njia za baiskeli za Kibaha na Kisarawe ni barabara za lami na za udongo katika Mkoa wa Pwani, magharibi na kusini-magharibi mwa Dar es Salaam.

Iliyo nzuri kuliko zote ni ya Kisarawe. Hutoka Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam, ikapanda vilima vya Pugu na kupita jirani na misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale sana ya pwani. Baada ya joto la jijini, kivuli chake ni neema. Kutoka Kisarawe mjini njia huendelea kusini hadi Maneromango, kati ya mikorosho na mashamba ya mihogo. Kwa miaka mingi wabeba mkaa wameteremka Pugu kuingia jijini, magunia yakiwa yamekazwa kwa mipira kwenye keria. Mteremko ule hutaka breki nzima na mikono mitulivu, na mabingwa wa kweli wa barabara hii ni hao.

Kibaha iko kwenye Barabara ya Morogoro, takriban kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Malori ni mengi mno hapo. Afadhali kuiacha barabara hiyo ukifika Mlandizi na kushika njia ya Makofia, inayoelekea Bagamoyo na bahari. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, vipande vya udongo huwa utelezi mtupu.