Kutoka "Wazimu" hadi "Afya ya Akili": Mathari na Tume za Serikali

Mwanaisimu asomapo taarifa za tume za serikali, hutazama kwanza jina alilopewa mgonjwa. Neno "wazimu" lina shina moja na "mzimu": anayeugua anadhaniwa kuingiliwa na kitu kisichoonekana. "Afya ya akili" ni istilahi changa, nayo humweka mtu huyo huyo mikononi mwa mganga wa hospitali na wa bajeti ya serikali. Hospitali ya Mathari, mjini Nairobi, imepitia majina yote mawili.

Mwaka 1910 wakoloni waliigeuza nyumba ya kutengea wagonjwa wa ndui kuwa makazi ya wendawazimu. Jina la Mathari likaja mwaka 1924. Daktari J. C. Carothers, aliyekabidhiwa hospitali hiyo mwaka 1938, hakuwa bingwa wa maradhi ya akili alipoanza kazi. Hata hivyo, wakati wa vita vya Mau Mau serikali ilimtaka aeleze saikolojia ya uasi, na mwaka 1954 ikachapisha taarifa yake. Jibu lake lilikuwa kwamba Wagikuyu wametikiswa akili kwa kupoteza mila zao. Suala la ardhi, ambalo ndilo lililowapeleka watu msituni, likabaki pembeni. Naye akaunga mkono watu wakusanywe vijijini chini ya ulinzi. Ni vigumu kuuita huo uchunguzi wa afya. Aliyeulizwa ni daktari, lakini swali lilikuwa la polisi.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda polepole. Sheria ya mwaka 1989 ilichukua nafasi ya ile ya kikoloni, lakini mwaka 2011 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ililaumu waziwazi serikali kwa kuitelekeza huduma hiyo. Mwaka 2019 serikali iliteua jopokazi chini ya Daktari Frank Njenga. Taarifa yake ya Julai 2020 ilitaka ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la taifa, tena iundwe tume ya afya ya akili na furaha. (Tume kuzaa tume si ajabu katika nchi zetu.) Sheria ya mwaka 2022 ilizipa kaunti wajibu wa huduma hiyo. Hata hivyo, kujaribu kujiua kuliendelea kuwa kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu hicho Januari 2025: mgonjwa wa taarifa alikuwa bado mshtakiwa wa sheria.

Hapa Bukavu tuna njia nyingine. Kongo iliunda programu ya taifa ya afya ya akili mwaka 2001, lakini kituo cha SOSAME kilikuwa kimekwisha kuanza kutibu watu tangu miaka ya 1990, kikiongozwa na watawa wa Frères de la Charité, shirika lililozaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Kwetu kitanda kilitangulia, taarifa ya serikali ikafuata.