Skii ya Masafa

Skii ya masafa ni mchezo wa kusafiri juu ya theluji kwa nguvu za mwili. Mchezaji huvaa miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, hushika fimbo mbili, kisha hupita tambarare na misitu, akipanda na kushuka vilima bila msaada wa mashine. Kiatu hushikizwa ubaoni kwa ncha tu na kisigino huachwa huru, ili mguu uweze kukanyaga na kusukuma. Kwa sababu hiyo mchezo huu uko karibu zaidi na mbio ndefu kuliko na skii ya mteremkoni.

Mchezo huu unahitaji theluji, na Bujumbura, Burundi, haina. Mji uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na barafu ya kudumu iliyo karibu zaidi ni ile ya Ruwenzori, zaidi ya kilomita 400 kaskazini, yenye nyufa na miamba. Hadi Beijing 2022, Burundi haikuwa imepeleka mchezaji yeyote kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Mapafu ya mchezo huu, hata hivyo, Warundi wanayo: Vénuste Niyongabo alitwaa dhahabu ya mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, na Francine Niyonsaba fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016.

Raha ya mchezo huanzia chini ya ubao. Ubao umepinda kidogo, katikati pakiinuka, na hapo hupakwa nta ya kushika. Mbele na nyuma hupakwa nta ya kuteleza. Mtu akitupa uzito wote kwenye mguu mmoja, katikati hugusa theluji na kuing'ang'ania, naye husukuma. Uzito ukihamia mguu wa pili, ubao huo wa pili huteleza. Anayeupata mdundo huo husonga mbele hata katika sehemu ya hatua ambayo mkimbiaji angekuwa ametua chini. Nta huchaguliwa kwa kupima baridi ya theluji. Ikikosewa, ubao hurudi nyuma mlimani, au theluji huganda chini yake. Mikono, mgongo na mapaja hufanya kazi pamoja, hivyo hata katika nyuzi 10 chini ya sifuri mtu mwenye nguo nyepesi hupata joto upesi. Katika nchi za kaskazini, ambako jua huchwa mapema, njia nyingi za msituni huwekewa taa, na watu huingia humo wakitoka kazini.

Zipo pia safari kubwa za halaiki. Vasaloppet ya Sweden, iliyoanza mwaka 1922, ni ya kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora, na washiriki hunyweshwa njiani supu ya moto ya beri.

Kwa Afrika Mashariki jina la kwanza ni Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800 aliyepelekwa Finland mwaka 1996 kwa udhamini wa Nike. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, alimaliza kilomita 10 akiwa wa 92, wa mwisho kati ya waliofika, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari na kumkumbatia, na Boit akampa mwanawe jina hilo. Kumbatio hilo limesimuliwa mno kuliko kazi yenyewe. Mtu aliyeiona theluji ukubwani alimaliza njia ambayo wengine waliizoea tangu utotoni, na hakuishia hapo: alirudi kwenye Olimpiki huko Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006, ambako Robel Teklemariam, mzaliwa wa Addis Ababa, aliiwakilisha Ethiopia katika mchezo huohuo.

Kwa mkazi wa Bujumbura anayeutamani mchezo huu, mahali pa kuanzia ni skii za magurudumu, ambazo wachezaji wa kaskazini wenyewe hutumia kiangazi juu ya lami. Msukumo na fimbo ni vilevile. Panatakiwa kofia ngumu, kipande cha lami laini kisicho na magari, na uvumilivu wa kujifunza kusimama, kwa kuwa skii hizo kwa kawaida hazina breki.