Maumivu yakitulia, hatari ya moyo haijaisha

MAUMIVU ya kifua yakishatulia, ndugu wa mgonjwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo huanza kuuliza ataruhusiwa lini kurudi nyumbani. Madaktari huwa wazito kujibu, na wana sababu. Sehemu ya msuli wa moyo imekufa kwa kukosa damu, na saa na siku za mwanzo ndizo zenye vifo vingi.

Kinachoua haraka zaidi ni kuvurugika kwa mapigo. Msuli uliojeruhiwa hupitisha umeme ovyo, vyumba vya chini vya moyo vikatetemeka badala ya kusukuma damu, na mgonjwa huzimia papo hapo. Tiba yake ni mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Ikichelewa, na kifua kisipokandamizwa, uwezekano wa kunusurika hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Ndiyo maana mwaka 1961 daktari Mwingereza, Desmond Julian, alipendekeza wagonjwa hawa walazwe katika wodi maalumu yenye vifaa vya kufuatilia mapigo muda wote.

Dawa za kutuliza mapigo hazitolewi kwa kila mgonjwa kama kinga. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1989 ulionyesha kuwa dawa mbili za aina hiyo, flecainide na encainide, ziliongeza vifo badala ya kuvipunguza.

Hatari nyingine ni moyo kushindwa kusukuma damu ya kutosha. Presha hushuka, ngozi huwa ya baridi yenye jasho, mkojo hupungua na mgonjwa huchanganyikiwa. Dawa za kupandisha presha husaidia kuvuta muda tu. Kinachookoa ni kuzibua mshipa ulioziba, kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani, au kwa upasuaji. Nchini Tanzania, uzibuaji wa mishipa kwa mrija hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Mara chache, msuli uliokufa huchanika, kwa kawaida ndani ya wiki ya kwanza. Kuta za moyo zikitoboka au valvu ikikosa mshikizo, daktari anaweza kusikia mvumo mpya kifuani, na ultrasaundi huthibitisha. Hapo mgonjwa huhitaji upasuaji wa dharura. Kwa hiyo daktari anayerudi na kifaa chake cha kusikilizia kila asubuhi, hata kwa mgonjwa anayecheka na wageni, hapotezi muda.

Aliyekwisha kuruhusiwa arudi hospitali mara moja akizimia, akipatwa tena na maumivu ya kifua au akishindwa kupumua akilala chali. Miguu ikivimba, amwone daktari bila kuchelewa. Na aliyewekewa kijibomba cha kutanua mshipa asikatishe aspirini na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda bila idhini ya daktari, hata kama anajisikia mzima, kwani kijibomba hicho kinaweza kuziba ghafla.