Maji ya Milimani na Chaza wa Pwani

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, huenda mwanachama wa Rangwi akastaajabu kukuta habari za chaza, mnyama wa gamba akaaye baharini. Lakini jirani nasi, katika msitu wa Shagayu, ndimo uchimbukamo mto Umba, ambao huteremka nyikani hata ukaingia Bahari ya Hindi karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya. Yachukuliwayo na mvua kutoka mashamba ya milima hii yaweza kufika huko.

Chaza na kombe hula kwa kuchuja maji, na pamoja na chakula hunasa vijidudu vya kinyesi na sumu. Tope likizidi huwafunika wakafa. Kuwapika sawasawa huua vijidudu vingi, lakini sumu itokanayo na aina fulani za mwani mdogo haiondoki kwa moto. Kwa hiyo mfugaji wa chaza hana budi kutazama kwanza usafi wa maji.

Haja ya kuzuia udongo si mpya kwetu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, kisha ikaueneza Usambara. Shabaha yake ilikuwa njema, bali njia yake ilikuwa mbaya. Wakulima walilazimishwa kulima matuta kwa amri na adhabu, nayo mavuno hayakulipa jasho lao. Watu wakakataa, na kabla ya Uhuru wa 1961 mpango ukaachwa.

Tutazame sasa Unguja. Huko Fumba na Bweleo wanawake wameokota chaza na kombe tangu zamani, maji yakupwapo. Katika miaka ya 2000, wakisaidiwa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, walianza kufuga chaza na kupata lulu zinazoota zimeshikamana na gamba. Tena wanavijiji walikubali kufunga sehemu za pwani zisiokotwe, ili chaza wapate kuzaana. Kwa maana katazo walilokubaliana wenyewe, walikuwa na sababu ya kulilinda.

Ndugu wanachama, hilo ndilo fundisho tulilokosa Mlalo, na ndiyo kazi ifaayo ushirika. Kila chama cha msingi na kikutane, kikubaliane mambo manne: kupanda majani ya guatemala kwenye makinga maji, kutolima kingo za mito, kutoosha bomba za dawa za wadudu mtoni, na kuchimba vyoo mbali na vijito. Watakaonufaika kwanza ni sisi na watoto wetu, tunywao maji hayo kabla hayajashuka. Kisha watanufaika wavuvi na waokotao chaza, ambao hatuwajui kwa sura, lakini tumeungana nao kwa maji.