Chumbe: wavuvi waliogeuka walinzi

Ukishuka kwenye boti Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Unguja, macho huenda kwanza kwenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Kisha unamfuata kiongozi msituni, juu ya mawe makali kama wembe. Mawe hayo ni matumbawe ya kale. Zamani palikuwa chini ya bahari. Usiku hutoka kaa wa nazi, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu.

Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi kuwa hifadhi. Kuvua marufuku. Sasa jiulize: kwa watu wanaokula kutokana na bahari, nani angewaambia hivyo wakamsikiliza?

Waliopewa kazi hiyo ni wavuvi wenyewe, wa vijiji vya jirani. Hawakubeba bunduki. Walimsogelea mwenzao kwenye ngalawa, wakamweleza: samaki wakizaliana hapa kwa amani, wengine watatoka nje ya mpaka, utawavua huko.

Basi ukitembezwa Chumbe, usiulize majina ya ndege tu. Muulize kiongozi wazee wake walivua wapi.