Urithi na Funksheni Virtuali: Historia Fupi kwa Mfano wa Volkano za Goma

Kaskazini ya mji wa Goma zimesimama volkano mbili hai, Nyamuragira na Nyiragongo. Zote ni za jamii moja, ila hazilipuki kwa namna moja. Lava ya Nyamuragira kwa kawaida humwagika ndani ya Hifadhi ya Virunga. Nyiragongo hubeba ziwa la lava kileleni. Mwaka 1977 ziwa hilo lilikauka kwa muda usiozidi saa moja kupitia nyufa za ubavuni, na Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji.

Suala la vitu vyenye asili moja na mienendo tofauti ndilo lililowakabili Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard mjini Oslo katika miaka ya 1960, walipobuni lugha ya kompyuta ya kuigiza mambo halisi. Mmoja wa mifano yao ulikuwa foleni ya malori na mabasi kwenye kituo cha ushuru wa daraja. Suluhisho lao, Simula 67, liliruhusu jamii ndogo kurithi sifa za jamii kuu. Aidha, lilileta utaratibu virtuali: jina lake hutajwa katika jamii kuu, lakini utekelezaji huamuliwa na aina halisi ya kitu wakati programu inapoendeshwa.

Bjarne Stroustrup, raia wa Denmark aliyeitumia Simula huko Cambridge, alianza mwaka 1979 kuingiza mawazo hayo katika lugha ya C. Funksheni virtuali zilifuata mwaka 1983, na C++ ikaanza kuuzwa mwaka 1985. Katika lugha hiyo, funksheni ya jamii kuu haiwi virtuali mpaka itangazwe hivyo.

Sharti hilo si dogo. Tuseme jamii kuu Volkano ina funksheni ya kukadiria mwendo wa lava, na jamii ndogo Nyiragongo ina ya kwake. Tangazo likisahauliwa, programu inayoirejelea Nyiragongo kama Volkano tu itatumia kanuni ya jumla. Programu haitasimama wala kulalamika. Itatoa jibu la mlima mwingine. Mei 2021 lava ilifika tena pembezoni mwa Goma, na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo urithi peke yake hautoshi: mrithi sharti apewe pia nafasi ya kutenda kwa namna yake.