Ruhusa Ambayo Prince Hakuitoa

Mwaka 1958 Dudley Riggs, mtoto wa familia ya wanasarakasi, alianzisha jijini Minneapolis kikundi kilichokuja kujulikana kama Brave New Workshop. Kazi yake ilikuwa kuwasema wakubwa kwa vichekesho, na Al Franken alipitia hapo ujanani, miaka mingi kabla hajawa seneta wa Minnesota. Mwaka huohuo, jijini humohumo, alizaliwa Prince. Hivyo jiji lililozoea kumcheka kila mtu ndilo lililomlea mwanamuziki aliyekataa katakata nyimbo zake zichezewe. "Weird Al" Yankovic, Mkalifornia aliyejaza kumbi tangu miaka ya 1980 kwa kugeuza maneno ya nyimbo za watu, alimwomba Prince ruhusa mara kadhaa. Kila mara alinyimwa. Wapo wanaokiita kitendo hicho kiburi cha nyota. Kwangu, kukataa kulikuwa haki yake, na sanaa hii ilinufaika nako.

Pingamizi zito ni la kisheria. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kundi la rap la 2 Live Crew waliougeuza wimbo wa Roy Orbison, "Oh, Pretty Woman", baada ya kunyimwa ruhusa, iliamua kwamba mwigo wa kejeli unaweza kuwa halali hata mwenye wimbo akikataa. Basi hodi ya nini? Ila hukumu ileile ilitofautisha wimbo unaoukejeli wimbo wenyewe na ule unaoazima tuni ili kuchekea jambo jingine. Huu wa pili ulinzi wake ni hafifu. "Eat It" ya mwaka 1984, ambamo Yankovic aliazima tuni ya Michael Jackson, inachekea chakula, haimchekei Jackson, na Jackson aliiridhia. Tena sheria si yote. Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana hata msibani kwa sababu pande zote mbili zinautambua utani wao. Mpita njia akiyasema maneno hayohayo, ni ugomvi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1996, rapa Coolio aliposema hakuikubali "Amish Paradise", mwigo wa wimbo wake, ilhali Yankovic alikuwa ameelezwa kwamba ruhusa imetoka. Coolio baadaye alikiri kwamba hasira zake hazikuwa na msingi, lakini kelele zilikwisha kusikika.

Itasemwa kwamba kejeli inayoomba ruhusa haina meno. Kwa Brave New Workshop, kweli: rais haombwi idhini ya kuchekwa, maana ana mamlaka juu ya wanaomcheka. Mwanamuziki ni fundi mwenzako, na tuni ndiyo mali yake. Wala Prince hakuwa mtu asiyejua kucheka. Mchekeshaji Dave Chappelle alimwigiza kwenye televisheni mwaka 2004 bila huruma. Mwaka 2013 Prince akaichukua picha ya Chappelle katika mavazi ya uigizaji huo na kuifanya jalada la wimbo wake "Breakfast Can Wait". Aliyafurahia masihara, mradi nyimbo zibaki mikononi mwake.

Mlango ulipofungwa, Yankovic alipitia kwingine. "Traffic Jam" ya mwaka 1993 ina mtindo wa Prince juu ya tuni aliyoitunga Yankovic mwenyewe, na mtindo hauna hakimiliki. Minnesota nayo ilikuwa imekwisha kupata zamu yake mwaka 1989, katika "The Biggest Ball of Twine in Minnesota", kisa cha familia inayosafiri kwenda kutazama donge kubwa la kamba ambalo Francis Johnson alianza kulizungusha mwaka 1950 huko Darwin, magharibi mwa Minneapolis. Tuni ya wimbo huo pia ni ya Yankovic.